Naomba ushauri: niendelee kuandika habari za magenge ya dawa za kulevya nikiwa Malindi?

MwanaMalindi
Assalaam alaikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa kila habari inayotoka, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikifuatilia heroini inayoletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, hadi kwetu. Wiki iliyopita niliagiza chai na mahamri katika mkahawa ninaokwenda kila asubuhi. Nilipotaka kulipa, mwenye mkahawa alinionyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa wazi, akasema bwana mmoja amekwisha kunilipia na ameacha salamu kwamba makala yangu ameisoma. Hapakuwa na tusi wala tishio, lakini mahamri yale hayakushuka. Mhariri anataka sehemu ya pili. Mama anataka nikafundishe shule.

Mzee wa Habari
Mwanangu, andika tarehe, saa na maneno yenyewe, umpelekee mhariri leo hii. Kisha muulize kwa maandishi ni nani atakayemlipa wakili ukishtakiwa, kwa sababu asiye na barua ya kazi huruka mwenyewe siku ya mambo kuharibika. Desemba 2004, kokeini ya zaidi ya tani moja ilipokamatwa hapo Malindi na Nairobi, kila baraza lilikuwa na majina yake. Mimi niliandika yaliyosomwa mahakamani tu, nikalala usingizi wangu.

Bint Shela
Shikamoo mzee, lakini hapo tutatofautiana kidogo. Wale ndugu wawili wa familia ya Akasha, wa kesi ya dawa za kulevya, walikamatwa Mombasa mwaka 2014, na wakaja kukiri makosa New York mwaka 2018, baada ya kupelekwa Marekani. Aliyengoja jalada la mahakama zetu alingoja sana. Kaka, linalokuponza ni upweke. Mwandishi wa habari za uchunguzi Daphne Caruana Galizia alipouawa kwa bomu la gari kule Malta, Oktoba 2017, wanahabari wa nchi kadhaa waliungana wakaendeleza uchunguzi wake. Tafuta mwenzako asiyeishi mji huu, awe na kila ulicho nacho, na wanaohusika wajue hivyo.

MwanaMalindi
Ahsanteni sana. Kuhusu wakili, mhariri amenijibu "tutaangalia". Nakala ya daftari nimempelekea mwenzangu wa Mombasa, na sehemu ya pili haitoki mikononi mwangu mpaka barua ije. Habari ya chai, mama sijamwambia.