Tovuti ya sekondari ya bweni: ukurasa wa mwanzo uwe na nini, na mkataba na fundi uwekwe vipi?

mtaaluma77
Wakuu, habari za jioni. Shule ni ya binafsi, ya bweni, kidato cha 1 hadi cha 6, wanafunzi 640. Bodi imepitisha tuwe na tovuti kabla ya usaili wa kidato cha kwanza. Fundi ametuletea mfano: juu kuna slaida ya picha 8, wimbo wa shule unaolia wenyewe ukurasa ukifunguka, kisha neno la mkuu wa shule lenye aya 9, na fomu ya kujiunga iliyoskaniwa, kurasa 14. Anataka pia kuongeza sehemu ya wazazi kuangalia matokeo ya mitihani ya ndani. Kwenye simu inachelewa sana kufunguka, yeye anasema ni mtandao. Naomba ushauri: ukurasa wa mwanzo uwe na nini hasa? WordPress (mfumo wa kuhariri tovuti bila kuandika msimbo) au HTML ya kawaida (kurasa zinazoandikwa kwa msimbo)? Matokeo yawekwe au yaachwe? Na mkataba na fundi useme nini? Atakayeihudumia kila siku ni katibu muhtasi, si mtu wa kompyuta.

fundi_seva
Mkuu, huo si mtandao. Piga hesabu. Picha ya simu za siku hizi ina MB 3 hadi 5. Picha 8 za MB 4 ni MB 32. Kwa kasi ya Mbps 1 (megabiti 1 kwa sekunde), MB moja inashuka kwa sekunde 8, kwa hiyo slaida peke yake inakula dakika 4 na sekunde 16. Mzazi ameshafunga na kurudi WhatsApp zamani. Fundi haoni tatizo kwa sababu picha zinaonekana ndogo kwenye kioo. Amezibana kwa CSS tu (msimbo wa mwonekano wa ukurasa): zinaonekana ndogo, lakini faili zina uzito uleule.

Toa slaida, weka picha moja. Upana pikseli 1200, faili la aina ya WebP au JPEG la ubora 75, uzito KB 100 hadi 150. Tovuti ya Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari, bure, bila kusakinisha chochote. Picha za chini ya ukurasa ziwekewe `loading="lazy"`, zishuke mtu anapozikaribia tu, ila ile ya kwanza usiiwekee, itachelewa bila sababu. Kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye msimbo wa ukurasa, la sivyo maandishi yanaruka wakati mtu anataka kubonyeza, anajikuta amebonyeza kingine. Ukurasa mzima usizidi MB 1.

Wimbo utoe. Vivinjari vingi vya simu vinazuia sauti kulia yenyewe, kwa hiyo mzazi anaweza kulipia bando la wimbo asiousikia.

Halafu kuna kosa kubwa kuliko slaida: fomu ya kujiunga iliyoskaniwa. Kurasa 14 kwa rangi, dpi 300, zinafika MB 15 kirahisi. Toeni PDF moja kwa moja kutoka Word, itakuwa KB mia chache. Muhuri na saini ndivyo viingizwe kama picha. Na faili liitwe `fomu-kidato-1.pdf`, si `scan0023.pdf`.

bi_mpangilio
Naongezea kwenye yaliyomo, maana tovuti inaweza kufunguka haraka na bado isimsaidie mtu.

Mfikirie mzazi aliye dukani Kariakoo mwezi wa kwanza. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika simu, muuza duka anamuuliza: "Godoro la ngapi, mama?" Hataki PDF ya kurasa 14. Anataka ukurasa mmoja wa maandishi wenye mahitaji: godoro futi 2½ kwa 6, tranka, shuka jozi 2 na rangi yake, ndoo, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. PDF ibaki kwa anayetaka kuchapisha. Anwani ya ukurasa iwe fupi na isibadilike mwaka hadi mwaka, mfano `/kujiunga`. Faili la ndani ndilo libadilike. Ukibadilisha anwani kila mwaka, viungo vyote vilivyosambaa kwenye magrupu ya wazazi vinakufa.

Ukurasa wa mwanzo, kwa mpangilio huu: jina la shule, wilaya na mkoa, wavulana au wasichana au mchanganyiko, bweni, tahasusi mnazofundisha (PCM, PCB, EGM, HGL, chochote mlicho nacho), namba ya usajili na namba ya kituo cha NECTA. Chini yake vitufe vinne: Ada, Kujiunga, Kalenda, Mawasiliano. Vyote vionekane bila kuvuta sana kwenye simu ya upana wa pikseli 360. Neno la mkuu wa shule liende ukurasa wa "Kuhusu sisi", aya 2. Bodi itanuna siku mbili, itazoea.

Ada iandikwe kwa tarakimu, kwa awamu, na tarehe ya mwisho ya kila awamu. "Wasiliana nasi kujua ada" inamfanya mzazi afungue tovuti ya shule nyingine. Namba ya akaunti iwe maandishi yanayonakilika, na pembeni yake mseme wazi kwamba shule haipokei ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mhasibu aikague kila Jumatatu. Mtu akiingilia tovuti, akibadilisha tarakimu moja tu, hamtajua mpaka wazazi waanze kuleta risiti.

Namba ya simu iwe kiungo: `tel:+255` kisha tarakimu 9. Wengi wanaandika `+2550...`, wanaibakiza ile sifuri ya mwanzo, na simu haitoki. Kwenye kiungo cha WhatsApp, `wa.me/255...`, usiweke hata alama ya kujumlisha.

Lugha: Kiswahili kwanza. Najua shule za binafsi zinapenda Kiingereza kiwe mbele, lakini anayelipa ada anasoma kwa haraka, tena kwa simu.

nassor_kodi
Kurasa 6 zinazobadilika mara 3 kwa mwaka hazihitaji WordPress. HTML tupu haina kanzidata wala ukurasa wa kuingilia wa kushambuliwa. Naona watu wanajenga ghorofa kwa ajili ya kibanda cha chipsi.

fundi_seva
Nassor, kwa usalama uko sahihi. Ila soma swali tena: mhudumu ni katibu muhtasi. Tarehe ya kufungua shule ikisogezwa Ijumaa jioni, nani atafungua faili la HTML? Atampigia fundi, fundi hapokei, na tovuti itabaki na tarehe ya zamani. Tovuti yenye tarehe ya zamani ni hatari kuliko kutokuwa na tovuti.

WordPress basi, kwa masharti. Plagini (programu za nyongeza) zisizidi 6. Themu (muundo wa mwonekano wa tovuti) isiwe ya kuibwa: zile za kulipia zinazogawiwa bure mitandaoni mara nyingi zimewekewa mlango wa nyuma wa wadukuzi. Masasisho yajiendeshe yenyewe. Katibu muhtasi apewe akaunti ya Mhariri, si ya Msimamizi, ili asiweze kufuta plagini kwa bahati mbaya. Bakapu (nakala ya akiba ya tovuti) kila wiki, ihifadhiwe nje ya seva hiyohiyo, na angalau mara moja mjaribu kuirudisha mahali pengine. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu.

Kila mwezi andika Google `site:` ikifuatiwa na anwani yenu. Mkiona kurasa za kamari au maandishi ya Kijapani, mmeshaingiliwa, hata kama ukurasa wa mwanzo unaonekana mzima. Na mkikuta hakuna kitu kabisa, nendeni Settings, sehemu ya Reading. Kuna kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji ambacho mafundi hukiweka wakati wa ujenzi, wakasahau kukitoa.

nassor_kodi
Hapo kwa katibu muhtasi nimekubali.

Matokeo: yaacheni. Mifumo mingi ya aina hiyo inaishia na anwani kama `matokeo.php?id=1023`. Mtoto wa kidato cha pili atabadilisha 1023 kuwa 1024, asome alama za jirani yake, na ndani ya saa moja bweni zima linajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Shule ikikusanya taarifa hizo inatakiwa pia kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ripoti za muhula zigawiwe kama mnavyozigawa sasa. Matokeo ya kitaifa yawe kiungo cha kwenda NECTA kwenyewe, msiyachape upya.

Mkataba: hapa ndipo shule nyingi zinaumia. Kikoa (jina la anwani ya tovuti) cha `.sc.tz` kisajiliwe kwa jina la shule, kwa barua pepe ya ofisi, si ya fundi. Kikisajiliwa kwa jina lake, siku mkikosana ameondoka na jina lenu. Andikeni: nani analipia kikoa na seva kila mwaka na tarehe gani, manenosiri yote yakabidhiwe kwa maandishi siku ya kumaliza, malipo ya mwisho yatolewe baada ya makabidhiano hayo, na cheti cha SSL (kinachofanya mawasiliano na tovuti yawe salama) kijihuishe chenyewe. Cha Let's Encrypt ni bure, lakini kinaisha baada ya siku 90. Kikiisha, mzazi anaonyeshwa onyo jekundu kana kwamba shule ni ya matapeli.

Fomu ya "Tuandikie" ijaribiwe kabla ya kulipa. Zile zinazotuma barua zikijifanya zimetoka kwenye anwani ya mzazi hukataliwa na ukaguzi wa SPF (unaoangalia kama seva iliyotuma ina ruhusa ya anwani hiyo), barua zinaishia kwenye taka na hakuna anayejua. Itume kupitia SMTP (njia ya kutuma barua pepe) ya anwani ya shule, na anwani ya mzazi iwekwe kwenye sehemu ya kujibu.

mtaaluma77
Nashukuru sana wakuu, slaida na matokeo vinaondoka kesho. Moja la mwisho: picha za wanafunzi? Bodi inataka sura za watoto wanaotabasamu, na rangi ya shule ni njano.

bi_mpangilio
Njano iwe ya mstari au kitufe chenye maandishi meusi, kamwe isiwe ya maandishi juu ya nyeupe. Uwiano wa mwanga kati ya maandishi na nyuma yake usiwe chini ya 4.5 kwa 1. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 2, na juani haisomeki kabisa.

Picha: ongezeni kipengele cha ridhaa kwenye fomu ya kujiunga, mzazi asaini ndiyo au hapana, na orodha ya waliokataa akae nayo mtaaluma, ndiyo wewe. Msiandike jina kamili chini ya sura ya mtoto. Piga kutoka nyuma ya darasa, au mikono ikiwa maabara na bomba la majaribio: inaonyesha shule inafanya nini kuliko watoto 40 waliopangwa mstari. Kabla ya kupandisha, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili la picha. Ukizipitisha Squoosh zinatoka. Ukipokea picha kwa WhatsApp kama "document", zinabaki.

Na tengenezeni picha moja ya pikseli 1200 kwa 630, jina la shule likisomeka vizuri, iwekwe kama `og:image`. Ndiyo itakayojitokeza kiungo kikitumwa kwenye grupu la wazazi. Bila hiyo WhatsApp inaweza kuonyesha nembo iliyokatwa nusu, au isionyeshe kitu.