Taka gani za jikoni zinafaa kutiwa kwenye pipa la mboji?

Mwanabustani wa Tanga:
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Nimepata pipa la plastiki la lita 200, nikalikata kitako, nikalitoboa matundu ubavuni na kuliweka juu ya udongo kwenye kivuli cha mwembe, ili nipate mboji ya kukuzia mchicha na bamia, kwa kuwa udongo wetu ni mchanga mtupu usioshika maji. Maganda ya ndizi na ya viazi hayanitii wasiwasi. Ninachotaka kujua ni kuhusu vitu vinavyotoka jikoni kwetu kila siku: machicha ya nazi, vichwa na matumbo ya samaki, wali uliolala, maganda ya ndimu na majivu ya mkaa. Vipi nivitie na vipi niviache?

Mzee wa Mchicha:
Marahaba, mwanangu. Machicha yatie, lakini kwa kiasi, kwa sababu hata baada ya kukamuliwa tui hubaki na mafuta, na yakimwagwa mahali pamoja hushikana, hukosa hewa na kuanza kutoa harufu ya uchachu. Yatawanye kwa mkono, kisha yafunike kwa majani makavu ya huo mwembe wako. Hapo ndipo wengi wanapokwama: taka za jikoni zina maji na naitrojeni nyingi, kwa hiyo kila ndoo moja yake inahitaji ndoo mbili hivi za vitu vikavu vyenye kaboni, kama vile majani makavu, maranda ya mbao zisizotiwa dawa, au maboksi yaliyochanwachanwa baada ya kubanduliwa utepe wa plastiki. Ukitaka kupima unyevu, chukua konzi ya mboji uikamue kwa nguvu. Ikitoa tone moja au mawili inatosha, na ikichuruzika ongeza vikavu.

Maganda ya ndimu hayana ubaya, ila yakatekate. Ya mayai yaponde, la sivyo utayakuta vilevile siku ya kuchota mboji. Makumbi na vifuu viweke kando, kwani huchukua muda mrefu mno kuoza.

Mkulima wa Kilifi:
Naomba niongezee kuhusu majivu. Yana potasiamu na hupunguza asidi, lakini bustani nyingi za pwani zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo tayari yana chokaa. Majivu yakizidi huko, mimea hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nyunyiza kiganja kimoja tu mara mojamoja. Kama jiko huwashwa kwa mifuko ya plastiki, majivu yake usiyatie kabisa.

Kuhusu samaki, mimi huvitia vichwa katikati ya lundo na kuvifunika vizuri, na mboji hutoka nzuri.

Mzee wa Mchicha:
Hapo kwenye samaki, ndugu yangu, tunatofautiana. Lundo kubwa linalogeuzwa mara kwa mara linaweza kufikia nyuzi 55 za Selsiasi na kukaa hapo siku kadhaa, na joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya maradhi. Pipa la lita 200 linalojazwa kidogokidogo ni nadra kufika huko. Harufu ya samaki itawaita panya, paka na kunguru, na kwa kuwa pipa la mwenzetu halina kitako, panya watachimba kutoka chini. Kwa hiyo samaki, nyama, mifupa na mabaki yenye mafuta yazikwe katika shimo refu karibu na mgomba, nao utanufaika. Kinyesi cha mbwa au paka na nepi visikaribie mboji ya mboga.

Mwanabustani wa Tanga:
Nashukuru sana. Wali nitawapa kuku. Je, magugu niliyong'oa bustanini yanafaa?

Mkulima wa Kilifi:
Yanafaa kama hayajatoa mbegu. Ndago usiitie hata kidogo, kwa sababu vile viazi vyake vidogo vya chini ya udongo havifi katika pipa la aina hiyo, nawe utaisambaza kwa mikono yako katika kila tuta utakaloweka mboji. Na tandika wavu wa chuma wenye matundu madogo chini ya pipa kabla halijajaa. Minyoo watapita, panya hawatapita.