Tarakimu ya ukaguzi kwa namba za wanachama: Luhn, moduli 11 au Damm?

Mhasibu_Moro:
Wakuu, naomba msaada. Natunza daftari la chama cha akiba na mikopo. Namba zetu za wanachama zina tarakimu nne. Juzi rejesho la mama mwenye 4109 liliingizwa 4190. Akaandikiwa barua ya deni na risiti anayo mkononi. Limeniuma sana. Nataka kuongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni, yaani tarakimu inayokokotolewa kutokana na zile nne ili namba iliyokosewa ijulikane. Kanuni ya Luhn naiona kila mahali, inatosha?

fundi_data:
Inatosha kabisa. Ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, hataza yake ilitoka 1960, na ipo kwenye kadi za benki na kwenye IMEI, namba ya utambulisho ya simu yako (piga *#06#). Inanasa kosa lolote la tarakimu moja: sita iliyosikika tisa dirishani, moja iliyosomwa saba.

Bint_Pangani:
Fundi, usimpeleke huko! Kati ya tarakimu jirani zinazopishana, 09 na 90 ndizo pekee Luhn haizioni, na ndilo kosa lililomkuta. Unaanzia kulia, unazidisha kwa mbili ukiruka moja moja, jibu likizidi 9 unatoa 9. Kwa 4109: 9 inakuwa 18, toa 9 inabaki 9, 0 ibaki 0, 1 iwe 2, 4 ibaki 4. Jumla 15, na lazima ifike kwenye kumi kamili, kwa hiyo kufikia 20 unahitaji 5. Kwa 4190 unapata 0, 9, 2, 4. Jumla 15 vilevile! 41095 na 41905 zote zitapita, na mama wa watu ataletewa barua nyingine.

fundi_data:
Nimerudia hesabu, dada. Uko sahihi.

Mzee_wa_Maktaba:
ISBN ya zamani, namba ya vitabu yenye tarakimu 10, ilitumia moduli 11. Kwako zidisha kwa 5, 4, 3, 2, jumlisha, kisha ongeza kinachofanya jumla igawanyike kwa 11. 4109 inatoa 42, unaongeza 2. 4190 inatoa 51, unaongeza 4. Tayari zimeachana. Inanasa hata tarakimu zilizopishana bila kuwa jirani. Shida ni pale jibu linapokuwa 10. Ndiyo maana namba za vitabu vingine zinaishia na X, inayosimama badala ya 10. Namba za namna hiyo msizigawe tu.

Bint_Pangani:
Shikamoo mzee. Namba zake zimeshagawiwa, ndiyo maana napendelea kanuni ya Damm, ya 2004. Ni jedwali moja, 10 kwa 10. Unaanza mstari wa 0, unakwenda safu ya tarakimu ya kwanza. Unachokuta hapo ndicho mstari unaofuata. Unapoishia ndiyo tarakimu ya ukaguzi, na haina X. Kwa jedwali linalotumika sana, 4109 inapata 1, 4190 inapata 6. Kanuni ya Verhoeff ya 1969, iliyo kwenye Aadhaar, namba ya utambulisho ya wakazi wa India, ina nguvu hiyohiyo kwa makosa haya, ila majedwali yake ni mengi.

Mzee_wa_Maktaba:
Marahaba. Umeme ukikatika karani atafanyaje? Moduli 11 anaipiga kwa kikokotoo.

Mhasibu_Moro:
Mzee, nimepitia daftari: wapo wanaoangukia kwenye 10, na siwezi kuwabadilishia namba walizozizoea. Nakwenda na Damm. Jedwali nitalichapa nilibandike dirishani, na kabla karani hajahifadhi malipo, jina la mwanachama litokee alisome kwa sauti. Rejesho la mama limeshahamishwa. Namba yake mpya ni 41091.