Naomba ushauri: utafiti wangu wa jimbo la Ilhan Omar umekwama

Kichwa Kigumu: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa tatu, sayansi ya siasa. Naandika kuhusu jimbo la tano la jimbo la Minnesota, Marekani, yaani Minneapolis na vitongoji vyake. Hoja yangu ni kwamba Wasomali wa Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis, ndio waliompeleka Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia, bungeni 2018. Msimamizi kapiga mstari mwekundu, kaandika "hesabu upya". Nimebakiwa na wiki mbili. Nianzie wapi?

Mzee wa Sensa: Anza na hesabu kama ulivyoambiwa. Hilo jimbo la tano lina watu zaidi ya 700,000, na hapo wazungu ni zaidi ya nusu. Wakusanye Wasomali wote wa Minnesota nzima, na watoto wao, hawafiki robo ya idadi hiyo. Halafu kabla ya Ilhan alikuwepo nani? Keith Ellison, mzaliwa wa Detroit, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa Kongresi, yaani bunge la Marekani, 2006. Huyo naye Msomali?

Kichwa Kigumu: Duh. Kwa hiyo nifute sura nzima?

Mzee wa Sensa: Usifute, geuza swali. Republican wa mwisho hapo, Walter Judd, alikaa miaka 20 mpaka Donald Fraser akamwangusha 1962. Tangu hapo kiti ni cha DFL, ndilo jina la Democratic kule, tangu walipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi 1944. Uchaguzi mkuu wa Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Vita iko kwenye kura za maoni za Agosti. Na si za wajumbe kama zetu, mpiga kura yeyote anaingia. 2022 Ilhan alimpita Don Samuels, mzaliwa wa Jamaica, kwa kura zisizofika 2,500. Walichogombania zaidi ni polisi, baada ya askari wa Minneapolis kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, 2020, si kabila. Kaa hapo.

Binti Kisauni: Na Utange je? Ilhan aliishi kambi ya wakimbizi huku kwetu Mombasa kama miaka minne.

Kichwa Kigumu: Dada, ndiyo ilikuwa sura yangu ya kwanza yote 😅

Mzee wa Sensa: Iwe aya moja. Na hiyo "jimbo la tano la jimbo la" itoe. Minnesota iite jimbo, ile nyingine iite eneo la uchaguzi, usije ukarudishiwa tena kwa sababu ya Kiswahili.