Binti yangu amenyimwa alama kwa mizani alizozihesabu sawasawa

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Binti yangu, aliye kidato cha pili katika shule moja ya hapa Jinja, Uganda, amerudi nyumbani na karatasi ya Kiswahili iliyojaa wino mwekundu juu ya ubeti alioutunga mwenyewe. Mshororo wa kwanza ni huu: "Mvumo waja kwa shindo, mti wetu kuangusha." Pembeni mwalimu ameandika kwamba kila kipande, yaani kila nusu ya mshororo, kimepungukiwa na mizani (silabi) moja.

Hebu hesabuni nami. M-vu-mo-wa-ja-kwa-shi-ndo ni nane. M-ti-we-tu-ku-a-ngu-sha ni nane. Mwalimu ameihesabu "mvumo" kuwa mizani mbili na "mti" kuwa moja, kwa sababu hajui kwamba "m" ya "mti" ni silabi inayojitegemea, tofauti na ile ya "mbuzi", ambayo hutamkwa pamoja na "bu". Mtoto wa Kiganda, ambaye kwao mti huitwa "omuti", irabu ikiwa bado mahali pake, akikosea hapo nitamwelewa. Lakini huyu hakukosea! Kibaya zaidi, alipoambiwa asahihishe aliandika "Mvumo wakuja kwa shindo", mizani tisa kamili, akapewa vema.

Nilikwenda kumwona mwalimu huyo, nikamkuta ni mtu mwungwana aliyesomea ualimu wa historia na kutwikwa vipindi vya Kiswahili kwa kuwa alikulia karibu na mpaka wa Kenya. Simlaumu sana yeye; nawalaumu waliomtwika. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, nami nilishangilia, bila kufikiri ni nani atakayesimama mbele ya ubao.

Daftari la binti yangu lina orodha ndefu ya istilahi: tathlitha, tarbia, takhmisa, inkisari, mazida, tashbihi, tashihisi. Zote amezikariri. Hata hivyo, muhula mzima hawajaghaniwa shairi hata moja darasani, wala hajaambiwa kwamba mshairi hukata neno (ndiyo inkisari) au kulirefusha (ndiyo mazida), akasema "enenda" badala ya "enda", ili mizani zitimie. Kwake mazida ni neno la mtihani tu. Utenzi nao umeandikwa kuwa ni "shairi lisilo na vina vya kati", kana kwamba ni kilema, ilhali mshororo wake una kipande kimoja, na kina cha kati, kile kinachofunga kipande cha kwanza, kingekaa wapi?

Jumatatu narudi shuleni na karatasi hiyo. Nitamwomba mwalimu mkuu ausome ule mshororo kwa sauti, huku akipiga kofi kwa kila silabi.