Kompyuta imesema kijana wangu hana TB, niiamini?

Mkulima Mpole: Wakuu, ushauri tafadhali. Juzi lilikuja gari la eksirei kupima kifua kikuu. Picha hasomi daktari, inasoma akili mnemba na kutoa alama kuanzia 0 hadi 100. Mstari wao ni 50, kijana kapata 31, wakasema hana. Ila anakohoa wiki ya tano, na usiku shati linalowa jasho. Nimpeleke wilayani au niiamini mashine? Nauli si ya mchezo.

Chuma Chakavu: 31? Mimi hesabu kidato cha pili nilipata 9 na kifua changu kizima.

Bi Mwanahawa: Wazazi wa siku hizi. Nauli ya kwenda kwenye mpira mnapata.

Mluguru Halisi: Mashine ya nini, kuna panya buku! Pale chuo cha kilimo SUA, Morogoro, wanafundishwa kunusa TB kwenye makohozi, panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Ya baba yangu hospitali walisema safi, panya wakakwaruza, yaani wameinusa. Alikunywa dawa miezi sita, leo analima.

Nesi Mstaafu: Mleta mada, huyo kijana ana umri gani?

Mkulima Mpole: Ni kijana tu, mama.

Nesi Mstaafu: Umri, baba.

Mkulima Mpole: Tisa. Ila ana umbo kubwa. Kwenye fomu niliandika 15, maana walisema chini ya hapo hawapimi. Nimekaa foleni tangu alfajiri, mlitaka nirudi mikono mitupu?

Nesi Mstaafu: Mwaka 2021 WHO iliruhusu programu hizo kwa wenye miaka 15 kwenda juu. TB ya mtoto mara nyingi hujificha kwenye tezi za kifuani, haionekani kama ya mtu mzima. Hiyo 31 ni ya mtu asiyekuwepo. Mpeleke. Akishindwa kutoa makohozi, hata choo chake kinapimika kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vimelea vya TB, na dawa za TB ni bure. Nyumbani nani mwingine anakohoa?

Chuma Chakavu: Hii chai. Jana kijana, leo miaka tisa, kesho mapacha. Na huko porini kompyuta inapata mtandao wapi?

Dereva wa Porini: Zipo zinazosoma bila mtandao, kwenye laptopu tu. Nimeziendesha hizo gari.

Chuma Chakavu: Basi uzi wenyewe kaandika akili mnemba.

Nesi Mstaafu: Mleta mada, nimeuliza swali.

Mkulima Mpole: Bibi yake alianza dozi ya TB mwezi wa nne. Wanalala chumba kimoja. Sikutaka watu waanze kutunyooshea vidole. Na mtoto nimeshamnunulia amoksilini duka la dawa, kikohozi kimepungua kidogo.

Bi Mwanahawa: Ya Rabi.

Mkulima Mpole: Anayeona chai aje anywe. Basi linapita saa kumi na moja alfajiri. Mama nesi, hicho choo nakibeba kwenye nini?

Nesi Mstaafu: Usibebe, kikopo utapewa hukohuko. Beba kadi ya bibi. Na kwenye fomu andika tisa.