Nikijua tu kwamba naota, naamka. Nifanyeje nibaki humo ndani?

Mgebuka_Mkavu (Ujiji, Kigoma)
Wakuu habarini za jioni. Nina jambo naomba msinicheke sana.

Mwezi uliopita niliota niko Kibirizi pale mwaloni, mama mmoja katandaza migebuka kwenye turubai ananiambia baba chukua ishirini kwa buku. Na mimi kwa akili zetu za Kigoma nikaanza kulia lia anipunguzie, halafu katikati ya kulia lia ndo ikanijia, migebuka ishirini kwa buku? Kigoma ipi hiyo? Hapo hapo nikajua kabisa hii ni ndoto, mimi nimelala nyumbani Ujiji, huyu mama hayupo na hawa samaki hawapo. Aisee raha niliyoipata siwezi kuieleza. Nikageuka nikatazama ziwa, ng'ambo milima ya Kongo inaonekana vizuri kabisa, nikasema leo naruka mpaka kule nirudi. Moyo ukaanza kwenda mbio, na sekunde tatu hazikuisha picha yote ikaanza kupauka kama tivii inayopoteza chaneli, nikajikuta natazama bati la chumba changu.

Tangu siku hiyo imenitokea mara mbili zaidi, ni yale yale, nikijua tu naota, basi, bati. Nimesikia wazungu wanaita lusidi drimu na kuna watu wanakaa humo dakika hata kumi wakitembea wanavyotaka. Kuna mtu hapa anaijua hii kitu? Naingiaje kwa kukusudia badala ya kubahatisha, na nikishaingia nashikilia nini nisitoke?

Boda_wa_Gungu
Mkuu kwanza namba ya huyo mama wa migebuka.
Pili huo mpango wako wa kuruka usiku kwenda Kongo usiuseme kwa sauti hapo Ujiji. Watu wakisikia unaruka usiku hawatakuuliza kama ilikuwa ndoto.

Mwl_Ng'ambo (Tabora)
Nimecheka mpaka chai imenipalia. Mleta mada karibu kwenye chama, mimi nafundisha baiolojia hapa Tabora na hii kitu nimehangaika nayo kama miaka minne, mwaka wa kwanza wote nilikuwa natolewa kama wewe unavyotolewa, kwa hiyo nakuelewa.

Kwanza ondoa wasiwasi kwamba ni jambo la ajabu. Jina hilo alilitumia daktari mmoja Mholanzi, Frederik van Eeden, tangu 1913. Lakini wanasayansi wengi walikuwa hawaamini, wakisema mtu hawezi kuwa amelala na anajijua kwa wakati mmoja, huyo alikuwa ameshtuka kidogo tu. Mpaka Aprili 1975 kule Hull, Uingereza, Keith Hearne akamlaza maabara bwana mmoja anaitwa Alan Worsley. Ndoto nyingi zenye picha kali zinatokea kwenye hatua ya usingizi inayoitwa REM, na hapo mwili unakuwa umelegezwa wote, mkono hauinuki mguu hauinuki, ila misuli ya macho haiguswi. Wakakubaliana Worsley akijua yuko ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio walioupanga, na mashine ikayanasa macho yakienda vile vile huku ubongo unaonyesha kalala fofofo. Baadaye Stephen LaBerge akafanya ya kwake kule Stanford, Marekani. Na 2021 wakafika mbali zaidi, mtu yuko ndotoni anaulizwa nane toa sita, anajibu kwa macho, mara mbili. Mi hiyo nikiwasimulia wanafunzi wangu hakuna anayesinzia kipindi kile.

Sasa kuingia. Mwanzo wa yote ni daftari. Liweke kitandani, ukiamka usiinuke, usishike simu (hasa simu), tulia vile vile ulivyolala ujiulize nilikuwa wapi, kisha andika hata kama ni maneno matatu. Ukiandika wiki mbili utaona ndoto zako zina vitu vinajirudia. Mimi kila siku naota nimeingia darasani sina chaki na darasa lenyewe ni la shule niliyosoma mimi. Wewe nadhani ni samaki na bei. Hiyo ndo alama yako.

Pili ni kujipima mchana, ila kwa nia, sio kama mashine. Ziba pua kwa vidole, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Ukiwa macho haiingii, ukiwa ndotoni inaingia kama kawaida maana pua yako halisi haijazibwa na mtu. Watu wengi wanakosea hapa, wanajipima wakikumbuka tu, wakikumbuka yenyewe ni mara moja kwa wiki. Fungamanisha na kitu. Mimi niliianza ndani ya treni nikienda huko kwenu mwisho wa reli, nikajiwekea kila treni ikisimama naziba pua, Urambo naziba, Kaliua naziba, Nguruka naziba, tulivyofika Uvinza mama wa siti ya mbele akaniuliza mwanangu una mafua? Wewe jipime kila unapotajiwa bei ya kitu. Kigoma hiyo utajipima mara thelathini kwa siku.

Tatu, na hii ndo yenye nguvu kuliko zote. REM inakuja kila baada ya kama dakika 90 lakini ile ya mwanzo wa usiku ni fupi, ndefu ni za kuelekea asubuhi. Kwa hiyo ukilala saa nne, amka saa tisa au saa kumi usiku, kaa macho dakika kama ishirini, rudi ulale huku unajiambia nikiota tena nitajua kwamba naota, na wakati huo huo unaichukua ndoto uliyotoka kuota unaipitia upya kichwani, ila safari hii unajiona unashtukia. Wa Ujiji mna bahati, adhana ya alfajiri ni alamu ya bure na jua kwenu linachelewa, mtu akiswali akirudi kitandani bado giza. Kule Adelaide, Australia walijaribu 2017 kuchanganya hayo yote, waliofanikiwa ilikuwa kama usiku 17 katika kila 100 wiki ya kwanza, ila kwa waliofanikiwa kusinzia ndani ya dakika tano baada ya kujiambia ilipanda mpaka karibu 46. Maana yake usikae macho ukawa na akili ya sokoni, ukishapitia, sinzia.

Kubaki humo nitaandika kesho, umeme unaniletea mambo.

Mja_wa_Mola
Vijana mnacheza na vitu msivyovijua. Roho ya mtu ikitoka usingizini ina anayeishika, nyinyi mnataka kuishika wenyewe. Mwenzenu akianza kukabwa na jinamizi msije hapa kuomba dua.

Taa_ya_Sola (Katonga)
Shehe nakuheshimu lakini mimi sijajifunza popote na hii kitu inanipata tangu nianze kazi ya ziwa, je na mimi nimefungua mlango gani?

Niwaeleze. Sisi wa dagaa tunaingia ziwani jioni, tunawasha taa, tunavuta mpaka alfajiri, mwezi ukiwa mkubwa hatuendi maana taa haina maana. Kwa hiyo usingizi wangu ni wa vipande, nalala asubuhi saa mbili mpaka saa tano, watoto wananiamsha, nakula, narudi kulala saa saba mpaka saa tisa. Ni kile kipande cha pili. Nikishalala tu naingia moja kwa moja, najua kabisa nimelala, nasikia mpaka mke wangu anatwanga uani na huku niko kwenye maji. Nilidhani watu wote wako hivyo! Sasa 2024 walipofunga ziwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti nikawa nalala usiku kama watu wengine, usingizi mmoja mrefu mpaka asubuhi, na zile ndoto zikakata kabisa. Ziwa lilipofunguliwa zikarudi. Nilikuwa sijui kwa nini mpaka nimesoma hapo kwa mwalimu.

Kuhusu kutolewa, mdogo wangu, mimi nakwambia kosa lako ni kukimbilia jambo kubwa. Umeingia tu unataka kuruka mpaka Kongo. Mtu akiingia kwenye mtumbwi hasimami akacheza, anakaa kwanza mtumbwi utulie. Mimi nikijua naota nashika kamba. Kamba ya wavu ipo tu kila wakati kwenye ndoto zangu, naishika naisugua viganjani naisikia ule ukavu wake, na ukiniuliza ziwa linafanya nini hapo, linatulia. Nikiiachia haraka nami natoka.

Mwl_Ng'ambo (Tabora)
Taa ya Sola umemaliza, mi nilikuja kuandika ukurasa mzima na wewe umesema kwa kamba.

Ndicho hicho. Ndoto ikianza kupauka ubongo unaanza kusikia mwili ulioko kitandani, shuka, joto, moyo unadunda. Ukiupa kazi mikono ya ndotoni hauna nafasi ya kusikiliza ile ya kitandani. Wengi tunasugua viganja kwa nguvu mpaka usikie joto, au unapapasa ukuta, unainama unashika mchanga. LaBerge yeye alikuwa anazunguka kama pia, mikono kaitandaza, mimi nikizunguka naishia sehemu nyingine kabisa kwa hiyo situmii sana. Usikodolee kitu kimoja, macho yatembee. Na furaha, mkuu, furaha ndo inayokutoa. Sema kwa sauti humo humo "naota, niko sawa", halafu usifanye kitu. Kaa hapo ulipo kwanza.

Kingine, ikipauka kabisa mpaka giza, usifumbue macho wala usijigeuze, tulia hivyo hivyo. Mara nyingi unarudi. Na ukiamka ziba pua kwanza, maana kuna kuamka kwa uongo, unaota umeamka umepiga mswaki umevaa, kumbe bado.

Nesi_wa_Zamu
Naongeza la upande wangu kwa sababu jinamizi limetajwa. Ule mwili kulegezwa aliousema mwalimu, ikitokea akili ikaamka kabla ya mwili kufunguliwa ndo unajikuta macho yanaona lakini huwezi kuinuka, kifua kizito, wengine wanaona mtu kasimama mlangoni. Inatisha lakini inaachia yenyewe ndani ya dakika chache au chini ya hapo. Pumua taratibu, jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu. Inawapata zaidi wenye usingizi wa kukatika katika na wanaolala chali, kwa hiyo ndugu yangu anayejiamsha saa tisa usiku kila siku anaikaribisha mwenyewe. Shehe hapo juu kasema kweli kwa namna yake.

Kwa hiyo msifanye kila usiku. Fanyeni siku ambayo kesho yake hamna kazi, hasa nyie wa boda, Boda wa Gungu nakuona. Na mtu aliyewahi kuugua akili, akasikia sauti au akashindwa kutofautisha cha kweli na kisicho, hii aiache kabisa. Ukiona ndoto zimekuwa kali ghafla na hujafanya chochote, angalia pia dawa unazotumia, kuna dawa za malaria kama mefloquine zinajulikana kwa kuleta ndoto za ajabu, muulize aliyekupa.

Boda_wa_Gungu
Sasa mimi nimefanya nini tena dada

Mgebuka_Mkavu (Ujiji, Kigoma)
MREJESHO wakuu, leo ni siku ya kumi na saba tangu nianze daftari.

Wiki ya kwanza sikupata kitu, niliandika mambo ya hovyo, "mbuzi", "bibi anafoka", siku moja nimeandika neno silisomi mpaka leo. Kujipima kwenye bei nimefanya mpaka muuza duka wa mtaani kwetu akaacha kunitajia bei, ananionyesha kwa vidole. Saa tisa usiku nilijaribu mara tatu tu kwa sababu ya nesi, na mbili kati ya hizo sikusinzia tena kabisa, nikaona kumekucha.

Juzi Jumapili nimeswali alfajiri nikarudi kulala. Nikajikuta kwenye ile barabara ya miembe inayoshuka, ile ya zamani, ila miembe ilikuwa na mawese badala ya maembe. Nikaziba pua. Pumzi ikaingia, yaani ikaingia ya baridi kabisa! Moyo ukataka kwenda mbio, nikakumbuka kamba ya Taa ya Sola, kamba sikuiona, nikashika gome la mwembe. Nikalisugua. Lilikuwa na vile vimistari na sisimizi wananipanda mkononi mmoja mmoja nawasikia. Picha ikapauka kidogo ikarudi. Nikasema naota, niko sawa, nikakaa chini ya mti kama mjinga. Sikuruka. Nilisimama nikatembea mpaka majini, nikaingiza miguu, maji yakawa ya uvuguvugu, na hapo nikaangalia Kongo nikasema basi leo hapana, nikabaki nachota maji kwa mkono nayamwaga. Sijui ni dakika tatu au tano. Kwangu ilikuwa asubuhi nzima.

Halafu nikaamka, nikachukua daftari, nikaandika kurasa mbili nzima za hii habari kwa furaha, nikafunga, nikaenda sokoni, mama akaniambia migebuka ishirini kwa buku.

Boda_wa_Gungu
😂😂😂 pua mkuu, PUA

Mgebuka_Mkavu (Ujiji, Kigoma)
Sikuziba! Nilinunua! Ndo nikaamka kweli, daftari jeupe peee, imebidi niandike tena upya.

Taa_ya_Sola (Katonga)
Ukienda tena mwambie huyo mama aniwekee hamsini.